Talasimu ya Mama Mkwe

Mke wangu ndiye aliyenitia matatani. Kawaambia kwao Wete kwamba mumewe bingwa wa hesabu. Mie karani wa duka Darajani. Ubingwa wangu ni wa magunia ya mchele. Lakini nilipofika Pemba mwisho wa Ramadhani, miezi mitatu tu tangu nioe, nilikuta sifa zimeshanitangulia. Sikuzikanusha.

Saa kumi alasiri, tumbo limegusana na mgongo, shemegi yangu wa kidato cha tatu akanifuata uani na suali. "Shemegi, tafuta domeni ya hii." Juu x + 3, chini x² − 9.

Karatasi sikuiona. Nikauona ukuta, umepakwa chokaa juzi kwa ajili ya Idi, mweupe pee. Nikaokota kipande cha mkaa penye jiko. (Msinilaumu, nilikuwa nimefunga.)

"Domeni," nikaanza kwa sauti ya mwalimu mkuu, "ni namba zote unazoruhusiwa kuzitia mahali pa x. Hukatazwa ile tu inayoifanya asili, hii ya chini, iwe sifuri, maana kwa sifuri hakugawiki."

Mpaka hapo nilikuwa sawa. Nikaivunja x² − 9 ikawa (x − 3)(x + 3). Kuona (x + 3) iko juu na chini, roho ikanifurahi, nikazikata zote mbili kwa nguvu, mkaa ukalia kriii. Ikabaki 1 juu ya x − 3.

"Namba zote isipokuwa 3!"

Kijana akakuna kichwa. "Na −3 je?"

"Inaingia. Jawabu lake −1/6."

"Hapo umeshakata. Skuli tumeambiwa domeni hutafutwa kabla hujakata." Akarudi kwenye suali lenyewe, akatia −3: juu sifuri, chini 9 kutoa 9, sifuri. "Unaona? Zinakatazwa 3 na −3. Umeikata, shemegi, lakini haijaondoka."

Kabla sijamjibu, nyuma yangu sufuria likatuliwa kwa kishindo.

"Mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, na upole ule ndio ulionitisha, "hicho nini?"

"Domeni, mama."

"Inafutika?"

"Inafutika."

Niliposugua kwa kitambaa, ukuta ukawa wingu la masika. Baada ya futari nikakoroga chokaa, nikapaka kwa tochi ya simu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nyusi zikaingia mvi.

Asubuhi ya Idi ukuta ulikuwa umekauka. Kila kitu kimepotea, ila pale nilipokandamiza: (x + 3) na mstari wake, rangi ya majivu, juu kidogo ya jamvi la wageni. Mjomba wa mke wangu akavaa miwani, akaisogelea, akauliza hii talasimu ya nini.

"Muulize mkwe wako," mama akajibu bila kugeuka.

Shemegi akaninong'oneza, mdomo umejaa tambi: "Si nilikwambia haiondoki?"