Karoti ya Mstahiki

Leo asubuhi nimetumia dakika 40 kutoka mlangoni hadi langoni, umbali wa hatua 12, na kabla hamjanicheka ninaomba mfahamu kwamba nilikuwa nikifuata maelekezo. Mwalimu wa mbwa aliniagiza kwamba mbwa akivuta kamba nisimame kama nguzo, nisiseme neno, nisubiri mpaka kamba ilegee, ndipo nimtuze na tuendelee. Mimi ni mtu mwenye heshima zangu, na nguzo ni kitu chenye heshima, kwa hiyo nilisimama.

Mbwa mwenyewe ni wa Dalmatia, wale weupe wenye madoadoa, ana miezi 8, na tulimwita Mstahiki kwa matumaini ambayo siku hizi hatuyazungumzii. Mababu zake walikimbia kando ya magari ya farasi kutwa nzima, na hata magari ya zimamoto, enzi yalipokuwa yakivutwa na farasi, waliyatangulia. Kiumbe ambaye ukoo wake ulishindana na farasi amekuja kufungwa kamba moja na mimi, mtu ninayepumzika katikati ya ngazi.

Basi Mstahiki alivuta, nikasimama. Akarudi, akaketi, kamba ikalegea, nikampa kipande cha karoti na kujipongeza kimoyomoyo. Tukaenda hatua moja, akavuta, na kabla sijawa nguzo sawasawa akawa amekwisha kurudi, ameketi, anadai karoti. Mara ya sita ndipo nilipong'amua kwamba sikuwa nimemfundisha kuacha kuvuta, nilikuwa nimemwajiri. Kuvuta kulikuwa sehemu ya kwanza ya kazi, kurudi sehemu ya pili, na malipo yalikuwa papo hapo.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akapita. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Aliporudi alikotoka nilikuwa palepale, nikamwamkia tena.

"Marahaba. Bado hajafika?"

"Nani, mama?"

"Huyo mnayemsubiri."

Nilimweleza kwamba ninamfundisha mbwa kutembea. Akamtazama Mstahiki, ambaye wakati huo miguu yake yote minne ilikuwa hewani, akasema kwa upole kwamba kwa maoni yake kutembea anakujua.

Niliwahi kudhani ni kiziwi, maana uziwi wa kuzaliwa si jambo geni kwa mbwa hawa weupe. Daktari akampima kwa nyaya kichwani, majibu yakaonyesha kwamba masikio yote mawili ni mazima, nami nikarudi nyumbani nimenyong'onyea kwa habari njema. Habari ya manyoya sitaigusa. Mwenye suruali nyeusi amenielewa.

Mtaniuliza kwa nini karoti, ilhali wenzangu hufundishia vipande vya ini na mbwa wao hutii kama askari. Wetu haruhusiwi. Mkojo wa mbwa wa Dalmatia una asidi ya yuriki nyingi kuliko wa mbwa wengine, na ini huiongeza, ikaweza kuganda kuwa mawe kibofuni. Kwa hiyo anywe maji mengi, na maji mengi, kama mjuavyo, hayakai. Ndiyo maana saa 9 usiku huwa nimesimama uani na nguo za kulalia, yeye akinusa jani moja baada ya jingine kama karani anayekagua hesabu, kamba imelegea kabisa, na karoti nimeisahau ndani.