Maonyesho ya mwanga ya Les Baux: yana nafasi gani katika safari ya gari ya Provence?

Ukishuka na gari kutoka Lyon kwa A7, ile wanayoiita Wafaransa barabara ya jua, ukifika Avignon Provence yote imeshakufungukia: Arles, Saint-Rémy, vilima vya Alpilles, na bahari ukiitaka. Ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani hupita njia hii shule zinapofungwa, na katika kupanga ruti huzuka ubishi mmoja. Kijijini Les Baux-de-Provence, kilomita 30 hivi kutoka Avignon, yapo machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa yaliyogeuzwa ukumbi wa sanaa ya kidijitali. Jina lake ni Carrières de Lumières. Projekta zaidi ya 100 humwaga michoro ya wachoraji wakubwa juu ya kuta, nguzo, dari na sakafu, muziki unapigwa, na mtazamaji anatembea katikati ya picha. Je, utoe nusu siku ya safari yako kwa ajili ya mwanga ukutani, au upite zako ukaone vitu vyenyewe?

Msimamo wangu ni kwamba maonyesho haya yanastahili kituo, ila yasiwe kituo cha kwanza. Wanaoyapinga wana hoja nzito, tena mimi mwenyewe naziamini kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nianze nazo.

Chukua mchoro wa Vincent van Gogh wa usiku wenye nyota, ambao karibu kila mtu ameuona hata kama ni kwenye kava la daftari. Aliuchora Juni 1889 akiwa amelazwa Saint-Paul de Mausole, hospitali ya wagonjwa wa akili nje kidogo ya mji wa Saint-Rémy. Una upana wa sentimita 92 na urefu wa sentimita 74. Mtu mmoja anaweza kuubeba kwapani. Mchoro kama huo ukitandazwa kwenye ukuta wa zaidi ya mita 10, umeshakuwa kitu kingine. Van Gogh alipaka rangi nzito kama siagi juu ya mkate, na ukiusogelea mchoro wake kwa pembeni kidogo, taa ikiupiga kutoka juu, unaona kila mkwaruzo wa brashi umeacha kingo na kivuli chake. Unaona mahali alipokuwa na haraka na mahali alipotulia. Projekta haina uwezo wa kukupa hicho. Inakupa rangi na umbo, unene haupo.

Kuna jambo linalonikera zaidi. Katika maonyesho haya miberoshi huyumba na nyota huzunguka. Inapendeza, sikatai, lakini uamuzi huo ni wa fundi wa kompyuta. Mchoraji alikwisha kuuweka mwendo wote ndani ya mistari ya brashi, akamwachia mtazamaji kazi ya kuuhisi. Nyota zikizungushwa na mashine, kazi hiyo umeshafanyiwa, na jicho linakaa kusubiri lioneshwe.

Hoja ya pili ni ya mtu mwenye usukani. Maonyesho ya aina hii hayapatikani Les Baux peke yake. Culturespaces, kampuni inayoendesha ukumbi wa Les Baux, ilifungua mwingine Paris mwaka 2018 ndani ya kiwanda cha zamani cha kuyeyushia chuma, ikaenda Bordeaux mwaka 2020 kwenye ngome ya nyambizi ya wakati wa vita, kisha Amsterdam 2022 na Dortmund 2023. Anayeishi Amsterdam hana sababu ya kuendesha kilomita 1,200 kufuata projekta, hasa akiwa nyumbani kwake na jumba la makumbusho lenye michoro zaidi ya 200 ya Van Gogh mwenyewe. Isitoshe, programu hubadilika kila mwaka. Les Baux wameshaonesha Venice, wameshaonesha Misri ya mafarao. Unaweza kuwaahidi watoto alizeti za Van Gogh njia nzima, mkafika mkakuta piramidi. Kabla ya kuchora ruti yoyote, angalia mwaka huo wanaonesha nini.

Sasa upande wa pili. Yule anayekwambia uachane na mwanga ukaone vitu vyenyewe, muulize: vitu vyenyewe viko wapi?

Van Gogh aliishi Arles tangu Februari 1888 hadi Mei 1889, na huko alitengeneza michoro ya rangi na ya kalamu inayokaribia 300. Akahamia Saint-Rémy kwa mwaka mmoja, akachora mingine 150 hivi. Karibu yote imeondoka. Ule wa baraza la mkahawa usiku, alioufanya Arles Septemba 1888, uko Otterlo nchini Uholanzi. Ule wa usiku wenye nyota uko New York tangu 1941. Nenda Arles leo na utakuta uwanja wa Place du Forum, utakuta ua wa hospitali alikotibiwa baada ya kujikata sikio, utakuta vibao vilivyosimikwa pale alipokaa kuchora, kila kimoja na nakala ya mchoro iliyochapwa. Kuna taasisi yenye jina lake ambayo huazima mchoro mmoja mmoja kutoka kwingine na kuuonesha kwa muda. Mkusanyiko wa kudumu wa kazi zake haupo mjini.

Kwa hiyo ubishi wa kitu halisi na nakala, ambao una maana kubwa Amsterdam au New York, hapa Provence unabadilika. Karibu kila atakachokiona msafiri wa barabara hii ni nakala, apende asipende. Anachochagua ni aina ya nakala: kibao cha barabarani au ukuta wa jiwe uliojaa mwanga. Kati ya hivyo viwili nauchukua ukuta bila kusita, kwa sababu angalau rangi zake zina nguvu, na ukubwa wake, pamoja na kosa lake, hukuonesha jinsi mistari ya brashi inavyofuatana, kitu ambacho kibao hakiwezi kabisa.

Na ukuta wenyewe una historia yake, ambayo matangazo ya maonyesho huipitia haraka. Jiwe jeupe la hapa lilikatwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya ujenzi. Wachimbaji waliingia ndani ya kilima kwa kukata vipande vya mraba na kuacha nguzo nene za kubeba dari, ndiyo maana ndani pana umbo la kumbi zilizonyooka badala ya pango. Chuma na saruji viliposhika soko la ujenzi, biashara ikafa, na machimbo yakafungwa mwaka 1935. Mwaka 1959 Jean Cocteau, mshairi na mtengenezaji filamu wa Kifaransa, alikuja kupiga filamu humo. Katika miaka ya 1970 Albert Plécy, mwandishi wa habari na mpigapicha, akaona kuta hizi zinafaa kuoneshea picha kubwa, akaanza kutumia projekta za slaidi, kabla kompyuta haijaingia kwenye kazi hii. Culturespaces walichukua uendeshaji mwaka 2012. Maana yake Les Baux hawakuiga mtindo wa juzi. Kumbi za Paris, Amsterdam na Dortmund ndizo zilizofuata nyayo zake.

Ukiwa ndani, usikodolee macho picha muda wote. Picha moja inapofifia kabla nyingine haijaja, tazama jiwe: utaona alama za misumeno zimepita sambamba kutoka juu hadi chini, na kona ambapo kipande kilikatwa kikatolewa. Hiyo ni kazi ya mikono, na hakuna projekta inayoifunika yote. Ukumbi wa kiwandani hauna kitu hicho. Bonde la nje linaitwa Val d'Enfer, bonde la jehanamu, kwa ajili ya miamba yake iliyochongoka. Na kijiji hiki ndicho kilichoipa boksaiti jina: mwanajiolojia Pierre Berthier aligundua madini hayo hapa mwaka 1821, yale ambayo leo hutengenezewa alumini ya sufuria zetu na bodi za magari tunayofikia nayo. Mtoto wa sekondari anayesoma jiografia atafurahi kuambiwa hilo akiwa amesimama palepale.

Kuhusu watoto, hapa wapinzani huwa wakali bila haki. Makumbusho ya kawaida humpa mtoto maagizo kuanzia mlangoni: usiguse, usikimbie, punguza sauti. Mpwa wangu, aliyekuwa amechoka na magofu na makanisa kiasi cha kukataa kushuka garini, aliingia Les Baux akakaa sakafuni, akafuata rangi zinazopita juu ya viatu vyake mpaka onyesho likaanza upya, na jioni ndiye aliyeuliza maswali kuhusu mchoraji. Sidai kwamba mwanga ule ulimfanya mjuzi wa sanaa. Ulimpa sababu ya kuuliza, na kwa umri wake hiyo inatosha. Mzee anayechoka kusimama naye ananufaika, kwa sababu picha zinamfuata alipokaa. Ila kwa mtoto mchanga, au mtu anayesumbuliwa na giza na sauti kubwa, fikirini mara mbili, maana hakuna pembe tulivu.

Gharama zinajieleza: tiketi za familia nzima, maegesho ya kulipia kijijini, juu ya tozo za barabara kuu ambazo umeshalipa njia nzima. Onyesho kuu na lile fupi linaloambatana nalo, kwa pamoja, huchukua kama saa moja tu. Kuliko pesa, mimi huogopa zaidi saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Uzuri wa safari ya gari ni uhuru wa kusimama, na barabara ndogo ya D5 inayovuka Alpilles kutoka Saint-Rémy, kilomita 10 tu, ina kona ambazo utataka kusimama kutazama mizeituni na miamba myeupe. Ukiwa na tiketi ya saa fulani, unapita huku unaangalia saa. Umeenda kuona picha za mandhari na umeyaacha mandhari yenyewe dirishani.

Lakini saa hiyohiyo ukiichagua vizuri inageuka msaada. Julai na Agosti mchana wa Provence unachoma, na siku zenye hatari ya moto njia za miguu za Alpilles hufungwa kwa amri ya serikali. Machimbo hubaki na ubaridi mwaka mzima, kiasi kwamba utahitaji sweta. Tiketi ya saa saba mchana inakutoa juani wakati ambao nje hakuna la maana unaloweza kufanya, na inakurudisha nje jua likianza kulegea. Siku ya mvua, au ya upepo wa mistral, hesabu ni ileile.

Inabaki mpangilio, ambao kwangu ndio kiini cha suala lote. Ukianza na maonyesho, ukitoka nje saa nane mchana vilima vitaonekana vimepauka, na watoto watauliza rangi zimeenda wapi. Umeifanya nchi ishindane na projekta, tena kwenye saa yake mbaya kuliko zote. Anza na Saint-Paul de Mausole asubuhi. Panda hadi kwenye chumba kinachooneshwa wageni, kilichopangwa kufanana na kile alicholala, tazama dirishani: shamba lenye ukuta, na nyuma yake mstari wa Alpilles. Kijiji hakionekani. Kile kilicho chini ya nyota zake alikitunga, na mnara wa kanisa wake mwembamba unafanana zaidi na makanisa ya Uholanzi alikozaliwa kuliko ya hapa. Nondo za dirisha hakuzichora. Ukishajua hivyo, unaingia machimboni ukiwa na kitu cha kupimia. Unajua mchoraji alipewa nini na macho yake, aliongeza nini, na fundi wa kompyuta ameongeza nini juu ya hapo. Maonyesho hayakumezi, unayahoji.

Kisha rudi Avignon, kwenye jumba dogo la makumbusho la Angladon. Humo mna mchoro mmoja wa Van Gogh, wa mabehewa ya treni yaliyoegeshwa Arles, alioufanya mwaka 1888, na ndio pekee wake unaooneshwa kwa kudumu katika Provence nzima. Si mchoro maarufu. Hauna alizeti wala nyota. Lakini ni mdogo, una unene, na baada ya kuta za Les Baux utashangaa jinsi ulivyo karibu nawe. Mweke mtoto mbele yake aeleze mwenyewe tofauti anayoiona.

Mwenye siku moja tu Provence, na hana watoto wadogo, mimi ningemshauri aliache onyesho, achukue Saint-Paul, D5 na Angladon. Mwenye siku mbili, au mwenye garini watu wa rika tatu na jua la Julai juu ya paa, asiliache: Arles siku ya kwanza, kulala Saint-Rémy, hospitali mapema asubuhi, Les Baux mchana, Avignon alasiri. Tiketi ya Les Baux ikatwe mtandaoni mapema, na siku ya pili isiangukie Jumatatu, kwa sababu Angladon huwa wamefunga.