Kusi nilienda na plastiki, kaskazi nikaenda na ngisi

Mwaka juzi mwezi wa saba nilipata likizo nikasema safari hii siendi Nungwi kwa mjomba mikono mitupu. Nikapita Kariakoo nikakuta jamaa anauza visamaki vya plastiki vya kuvulia, aisee kizuri kuliko samaki mwenyewe, mgongo wa bluu, tumbo la fedha, macho yamekukodolea, na chini kimening'iniza ndoano mbili za meno matatu matatu. 35,000. Muuzaji akaniapia ukikirusha hiki baharini nguru anakuja mwenyewe na limau mdomoni. Nikalipa bila hata kuomba apunguze.

Kufika, shikamoo mjomba, marahaba mjomba (kwetu mjomba na mpwa wote tunaitana mjomba), nikakitoa kwa mbwembwe. Akakigeuza geuza.

"Hiki cha mtoto?"

Nikamwambia hapana mjomba, hiki ndo chambo cha kisasa, mambo ya kukata ngisi na kunuka mikono wiki nzima yamepitwa na wakati. Akacheka kidogo akaniambia haya, twende kesho.

Sasa mwezi wa saba ni kusi, msimu wa upepo wa kusini, wenye bahari yao wanajua, upepo haupumziki, huko nje kwenye mkondo mawimbi yanatisha na hata karibu na mwamba maji yamechafuka, ukiweka mkono humo huoni vidole. Mjomba wala hakwenda mbali, akatia nanga nyuma ya mwamba, akakata ngisi, akafunga chubwi la kuzamisha mshipi, akauteremsha mpaka chini akatulia kama mtu anayesubiri daladala. Changu wa kwanza. Changu wa pili. Chewa mmoja hivi, mzito.

Mimi nikasimama ndani ya ngalawa, ukimuona mtu kasimama ndani ya ngalawa ujue katoka Dar, nikarudisha mkono nyuma ili nirushe, nikasikia uzito nikasema tayari, nimepata kabla hata sijarusha. Nikavuta kwa nguvu zote. Kofia ya mjomba ya viua, ile ambayo mke wake aliishona kwa mkono miezi na miezi, ikapita juu ya kichwa changu kama njiwa ikatua baharini. Uzuri ilikuwa bado imenasa kwa hiyo nikaikokota hadi chomboni, sema kwa ndoano sita na ule mvuto wangu ilirudi imekuwa kifumbu, ungeweza kuchujia tui.

Tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano mimi nilivua kofia moja.

Mjomba hakunigombeza. Alinambia tu, "Mjomba, maji kama haya samaki haoni, ananusa. Kitu chako kinanuka nini? Kinanuka duka."

Somo likaniingia mpaka kwenye mifupa. Narudi Dar nikang'oa zile ndoano, kisamaki nikampa mwanangu, mpaka kesho kipo juu ya tivii.

Januari nikapata siku nne nyingine. Nikasema safari hii hawanicheki, alfajiri niko Feri, nikanunua ngisi kilo mbili wabichi kabisa. Mifuko ya plastiki si ilishapigwa marufuku, nikachukua ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, barafu chini, ngisi katikati, barafu juu. Mipango ya mtu mzima. Ila boti ikachelewa kuondoka, na kushuka Unguja nikajisahau kwa urojo bakuli mbili, barafu ikafa, halafu kwenye gari la Nungwi, 116, konda akaipandisha ndoo juu ya keria kwenye jua la kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, na mnajua lile jua.

Hatujafika mbali kitu kikaanza kudondoka dirishani. Tone. Tone. Bi mkubwa mmoja aliyekaa dirishani akajipangusa bega, akanusa mkono, akauliza kwa sauti, "Jamani, nani kafa humu?" Gari zima likaanza kutazamana. Na mimi nikaziba pua nikawa naangalia watu kwa lawama, kuna kijana mmoja kabeba gunia hajui hili wala lile, nikamtazama zaidi kuliko wote. Mungu anisamehe.

Mjomba alifunua ndoo, akaifunika. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Mjomba, hii kaskazi."

Akanipeleka mpaka ufukweni nikaone mwenyewe. Maji meupe pee, unahesabu mawe chini. Akanambia sasa hivi hatukai na nanga, tunapandisha tanga tunatoka nje tunarambaza, yaani mshipi unaburutwa nyuma ya chombo huku chombo kinakwenda, maana jodari na nguru wako juu juu wanafukuzana na dagaa, yule hana muda wa kunusa, anaona kitu cheupe kinakimbia naye anakimbiza. Ngisi wako huyu mlaini, ukimburuta hivyo kabla ya robo saa kashakatika.

"Kile kisamaki chako cha buluu umekuja nacho? Kile ndo wakati wake huu."

Nikawaza juu ya tivii yangu.

Ngisi mke wa mjomba alikataa wasilale hata uani, wakazikwa nyuma ya choo, usiku paka wakawafukua, basi ilikuwa vita mpaka adhana ya alfajiri, hakuna aliyelala na kila mtu alijua wa kulaumiwa ni nani.

Asubuhi tukatoka. Mimi nimevaa soksi nyeupe, zile zile nilizotoka nazo Dar, kwa sababu safari ya kwanza jua liliniunguza juu ya miguu nikashindwa kuvaa kiatu wiki nzima. Mjomba ana mishipi miwili, kila mmoja ndoano imefungwa manyoya meupe ya kuku, kifaa hakijagharimu hata buku. Mshipi wa kwanza ukavutwa, nguru huyo, mimi kwa furaha nikaurukia nikauvuta kama kamba ya ng'ombe, pwaa, ukakatika, nguru kaondoka na manyoya yake. Wakati narudi nyuma kwa mshtuko nikakanyaga mshipi wa pili ukaenda kujisaga kwenye matengo, zile mbao za ubavuni mwa ngalawa. Ukakatika nao.

Mjomba akanyamaza. Mtu wa pwani akigomba hujaharibu sana, akinyamaza ndo uombe dua. Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akafika miguuni, macho yakaganda hapo.

"Vua."

"Nivue nini mjomba?"

"Soksi. Moja inatosha."

Akaichana kwa kisu vipande vyembamba, akavikunja akavifunga kwenye ndoano mpya ikawa kama kijifagio. Mimi naye mdomo hautulii, namwambia mjomba samaki si mjinga, hawezi kula soksi. Hakunijibu. Kaitupa, tanga limejaa, hata tumbaku hajamaliza kuifunga, mshipi ukasema vuuu. Jodari. Nikashika mdomo wangu na mikono yangu yote miwili nisiguse kitu. Kabla jua halijapanda tukawa nao watatu, mmoja mapaja yangu yote mawili alikuwa hayatoshi kumlaza.

Ufukweni wenzake wakauliza leo umevulia nini. "Soksi ya mjomba." Wakacheka mpaka wanashika ngalawa wasianguke. Mmoja akauliza kwa nini samaki waipende soksi kuliko manyoya, mjomba akafikiri kama shehe anayetoa fatwa, akasema, "Hii ina yote mawili. Inaonekana, na inanuka."

Juzi kanipigia simu. Salamu, habari za watoto, kusi ishaingia, lini nakuja. Nikamuuliza safari hii nilete nini.

"Usilete kitu. Ile soksi ya pili unayo bado?"

Nikamwambia ninayo.

"Usiifue."