Watoto wa nyumbani wanaandika, ila nani anawasoma?

Huu ni mwaka wangu wa 11 huku Uingereza na kuna jambo moja linaniuma kila nikilinganisha huku na nyumbani Tanzania, wala sio barabara wala hospitali, ni hadithi za watoto. Na sisemi zile tunazowaandikia sisi wakubwa, nasemea zile wanazoandika wao wenyewe.

Ngoja nieleze vizuri. Binti yangu ana miaka 9, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko Tanzania na ana miaka 11. Wote wanapenda kuandika na nikiwa mkweli kabisa mpwa wangu ndo mwenye kipaji zaidi. Mwaka jana shuleni walipewa insha ya safari, yeye akaanza hivi: "Usiku ule mto ulikuwa umelala, tukapita kwa kunyata tusiuamshe." Dada akalipiga picha lile daftari akanitumia WhatsApp. Nilisoma nikasisimka, nikarudia tena, halafu nikaona wino mwekundu umepita juu ya sentensi yote na pembeni mwalimu kaandika "mto haulali", alama mbili zimeondoka.

Simlaumu sana mwalimu, ana rundo la madaftari mbele yake na usahihishaji wa insha una vigezo vyake. Kinachoniuma ni kwamba ile sentensi ilikuwa na msomaji mmoja tu duniani na huyo mmoja kaikata.

Sasa linganisha na huku. Kuna mashindano ya BBC yanaitwa 500 Words, yalianza 2011 kwenye redio, yakasimama 2020, yakarudi 2023, ni ya watoto wa miaka 5 mpaka 11 na hadithi isizidi maneno 500, inatumwa onlaini. Kilichonivutia ni hiki: herufi zilizokosewa na nukta zilizosahaulika hazimpunguzii mtoto kitu, wanaangalia wazo ni jipya kiasi gani, wahusika wako hai au la, lugha inavutia au haivutii. Na wasomaji wa raundi ya kwanza ni walimu na wakutubi wanaojitolea. Yaani kuna mtu mzima kakaa kitako nyumbani kwake anasoma hadithi ya mtoto asiyemjua, kwa hiari yake.

Binti yangu alitunga ya chura anayeogopa maji. Tukaihesabu, maneno 523, fomu haikubali. Tukakaa naye mezani usiku kupunguza yale 23, kwanza tukatoa ma-"sana" yote, halafu ma-"kisha", bado tukabaki na tisa ya ziada, akashika tama muda mrefu, mwisho akasema basi bibi yake chura atoke. Bibi akaondoka na sentensi yake nzima. Siku ile nilimuona mtoto wa miaka 9 anajifunza kitu ambacho mimi sikuwahi kufundishwa, kwamba unachokipenda pia kinaweza kutoka na hadithi ikabaki nzuri. Hakushinda, hata hatua ya pili hakufika, lakini hakuvunjika moyo kwa sababu alijua kuna mtu kaisoma.

Ila msidhani huku kila kitu ni safi. Mwaka juzi tulituma shairi lake kwenye mashindano mengine tuliyoyaona mtandaoni, baada ya wiki chache ikaja barua pepe hongera amechaguliwa, shairi litachapwa kitabuni. Tukafurahi, nikawapigia ndugu wote. Halafu ikaja fomu ya kununua kitabu, nakala moja, nakala tatu, na cheti cha kuning'iniza ukutani kwa malipo ya ziada. Kuulizia kwa wazazi wengine, kumbe karibu kila mtoto aliyetuma kachaguliwa, biashara yao ni kuwauzia wazazi majina ya watoto wao. Niliumia, sio kwa sababu ya hela, ni kwa sababu binti yangu aliniuliza "kwa hiyo hawakulipenda?" nikakosa jibu. Kwa hiyo mzazi uliyeko nyumbani ukiona linki ya namna hiyo, uliza maswali mawili tu: nani anasoma, na nani anamlipa mwenzake. Kama mtoto ndo analipa ili asomwe, achana nao.

La umri nalo mliangalie. Wattpad kwa mfano, ule mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, wanataka mtoto awe na miaka 13 na kuendelea, na hata akifika huko mimi ningekaa naye, kwa sababu sehemu yoyote ambayo mtu usiyemjua anaweza kumwandikia mtoto meseji moja kwa moja, hiyo sio sehemu ya kumuacha peke yake. Akaunti iwe kwa barua pepe ya mzazi, jina la shule na picha visiwekwe. Na tusiwafungulie ile mitambo ya akili bandia (AI) inayojiandikia hadithi yenyewe, jamani, mtoto bado hajapata sauti yake mnampa ya kuazima?

Haya, turudi nyumbani. Tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyozinduliwa 2022, nimefurahi sana kuona ina kipengele cha hadithi za watoto, lakini hicho ni cha wanaowaandikia watoto. Mtoto mwenyewe yuko wapi? Yupo kama msomaji, kama mwandishi bado hatujamfungulia mlango.

Milango ya nje ipo na mingine ni bure. Mashindano ya insha ya Jumuiya ya Madola, Queen's Commonwealth Essay Competition, yapo tangu 1883, kijana yeyote wa miaka 18 kushuka chini kutoka nchi za jumuiya anaruhusiwa, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo. Wenye chini ya miaka 14 mwisho wao ni maneno 750, na pamoja na kuitwa insha wanapokea mpaka hadithi na mashairi, inatumwa onlaini bila malipo. Nilipomwambia dada akaniuliza "kaka, hiyo imeanza lini?" nikamwambia kabla babu yetu hajazaliwa. Akanyamaza.

Shida ni lugha. Hayo ni ya Kiingereza na mpwa wangu yuko shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili. Nilimwambia ajaribu, akajaribu, jamani ile hadithi ilikuwa na woga, sentensi fupi fupi, kila moja imeshikilia ukuta isianguke, mto hata haumo. Nikagundua nimemkosea. Mtoto anayeweza kuulaza mto kwa Kiswahili nimempeleka sehemu asiyoweza hata kuujaza maji.

Ndo nikaanza kutafuta za Kiswahili. Kuna African Storybook ya Afrika Kusini, ipo tangu 2014, na StoryWeaver ya India iliyoanza 2015, zote bure, zina hadithi za Kiswahili na unaweza kutunga yako kwa kutumia picha zilizochorwa tayari. Sio mashindano, hakuna zawadi, lakini mtoto anaona maneno yake yamekaa kwenye kurasa na mchoro pembeni, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma. Kwa mwalimu mwenye simu janja moja tu hiyo ni kazi ya darasa zima, hadithi moja kwa wiki, wanaitunga pamoja yeye anaichapa. Ningependa sana mtu wa nyumbani aijaribu aniambie.

Na kuna kitu cha simu ambacho watu wa huku hawakijui. Mpwa wangu alitaipu hadithi nzima kwa kidole gumba kwenye simu ya mama yake, moja kwa moja kwenye fomu, bando likaisha kabla hajabonyeza tuma. Alivyofungua tena, kweupe. Siku mbili hakutaka hata kuiona hiyo simu. Siku hizi anaandika kwenye daftari kwanza, anahamishia kwenye "notes" za simu, mtandao ukiwepo ndo anabandika.

Halafu kuna upande wa pili ambao nauona kwa binti yangu. Yeye wasomaji anao, lakini anaandika kwa Kiingereza, mama yangu hawezi kusoma hata mstari mmoja wa mjukuu wake. Yule wa nyumbani ana lugha bila wasomaji, huyu wa huku ana wasomaji na bibi yake hayumo, na sio bibi wa yule chura tu. Nikawaza hawa wawili kwanini nisiwaweke pamoja. Nimewafungulia dokumenti moja ya onlaini, kanuni ni Kiswahili tupu, huyu anaandika aya anaacha, mwenzie anaendeleza, mimi na dada tunasoma tu, hatusahihishi kitu. Hiyo ya kutosahihisha inanipa shida kuliko nilivyodhani, binti yangu ngeli zinampiga chenga mno, ila najizuia.

Mpwa wangu ndo aliyeanza. Akaiweka ile ile sentensi yake, mto umelala, wanapita kwa kunyata. Jioni yake binti yangu akaandika chini, na makosa yake yote, "sasa mto akilala samaki anakwenda wapi?" Asubuhi tumeamka tumekuta aya tatu.