Uandishi bunifu chuo kikuu: nani ataisoma kazi ya mwanafunzi?

Ukisema mbele ya watu kwamba utunzi wa riwaya na mashairi unasomewa chuo kikuu, hutakosa wa kukuuliza: Shaaban Robert alisomea wapi? Swali lina uzito wake. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, hakuwa na shahada, na Kiswahili chetu bado kinamtegemea. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikwisha kutunga na kufariki kabla Afrika Mashariki haijawa na chuo kikuu hata kimoja.

Hata hivyo, tusidhani watunzi wetu walijiotea kama magugu. Pwani, ushairi umefundishwa siku zote: kijana alikaa na malenga, akasahihishwa vina na mizani, akatunga na kujibiwa shairi kwa shairi. Mwaka 1954 mshairi Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Kama utunzi haufundishiki, asingekuwa na la kuandika. Kwa hiyo ubishi unaostahili muda wetu ni kama chuo kikuu kinaweza kuifanya kazi aliyoifanya malenga yule.

Wenzetu wamejaribu kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kina programu ya uandishi tangu 1936, na Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, kilianzisha yake 1970. Huko mwanafunzi huwagawia wenzake kurasa zake mapema, wakazisoma nyumbani, kisha darasani wanazichambua mbele yake. Kazuo Ishiguro, mwandishi wa riwaya aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017, alipitia East Anglia. Jennifer Makumbi wa Uganda aliiandika riwaya yake ya Kintu akiwa mwanafunzi wa uzamivu Uingereza. Lakini Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021, shahada yake ya uzamivu ni ya fasihi, si ya uandishi. Na Hanif Kureishi, mwandishi aliyekuwa akifundisha kozi ya namna hii, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba kozi hizi ni kupoteza muda.

Mimi naamini zinasaidia, na sababu yangu ni ndogo sana. Chukua mwanafunzi aliyeandika: “Juma alikuwa na huzuni kubwa moyoni.” Mwenzake anamuuliza: yuko wapi huyu Juma, na mikono yake inafanya nini? Wiki inayofuata sentensi inarudi hivi: “Juma alikoroga chai mpaka ikapoa, kisha akaimwaga.” Neno huzuni limeondoka na huzuni yenyewe imebaki. Mtu anaweza kuligundua hilo peke yake baada ya miaka kumi ya kuandika, au akaulizwa swali moja na msomaji makini akaligundua leo.

Sasa tutazame hali ya kwetu. Katika vyuo vyetu vingi, mwanafunzi wa fasihi anatumia miaka mitatu kuhakiki: dhamira, wahusika, muundo, mtindo. Uandishi bunifu anaupata kama kozi ya muhula mmoja, ukumbi umejaa, na mwisho wake ni mtihani unaomtaka aeleze sifa za hadithi fupi. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili hawezi kusoma hadithi mia mbili na kuzirudisha zikiwa na maoni, hata angekuwa na moyo namna gani. Madhara yanaonekana kwenye miswada. Kijana anaanza na dhamira kwa sababu ndiyo aliyozoea kuulizwa: anaamua kuandika juu ya rushwa, kisha anatafuta mhusika wa kuibeba. Unapofika ukurasa wa tatu mhusika anahutubia, na unajua atakavyoishia. Wanaosema chuo kinaua utunzi wana haki katika hili, ingawa ninachokiona kikiua ni uhakiki uliotangulizwa mbele ya uandishi.

Suala la ajira sitalikawiza. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, na mzazi anayeuliza mtoto atakula nini hajakosea. Ndiyo maana sioni haja ya shahada nzima ya kwanza ya uandishi. Ingefaa zaidi shahada ya uzamili, au hata cheti cha mwaka mmoja, kwa mtu ambaye tayari ana muswada mkononi, darasa lisizidi watu kumi na wawili, na alama zitokane na muswada ulioandikwa upya.

Na iwe kwa Kiswahili. Anayetaka mafunzo haya kwa kina leo huyafuata ng'ambo, anafunzwa kwa Kiingereza na anarudi akiandika Kiingereza. Tuzo za uandishi wa Kiswahili tunazo, ya Safal-Cornell (zamani Mabati-Cornell) na ya Mwalimu Nyerere, lakini tuzo hupokea muswada uliokwisha kukamilika. Yule aliyekwama sura ya nne hana pa kuupeleka.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni nani atafundisha. Kanuni za ajira za vyuo zinatazama shahada ya uzamivu kwanza, na mshairi mwenye diwani tatu lakini asiye na shahada anaweza kualikwa kusoma mashairi yake saa moja, akapigiwa makofi na kurudi kwake. Mtu huyo angepaswa kukaa na wanafunzi muhula mzima, kalamu nyekundu mkononi, na kulipwa mshahara kama mhadhiri mwingine yeyote.