Zile Kilti Hazikuchoka

Juzi nimetumiwa picha ya bendi yangu ya zamani, na imeniuma. Wapiga zumari za mfuko wote wamevaa kilti mpya, zile sketi za marinda za Kiskoti, kitambaa chepesi, rangi ambayo haijawahi kuwa yetu. Chini yake maneno machache: "Zile za zamani tumezigawa, zilikuwa zimechoka."

Zimechoka vipi? Kilti ya sufu nzito, karibu mita 7 za kitambaa zilizolazwa marinda nyuma, inamzika mvaaji wa kwanza na wa pili.

Yangu nilipewa nikiwa na miaka 14. Mama aliyetunza sare zetu aliigeuza ndani nje, akanionyesha kipande cheupe kilichoshonwa kiunoni. Majina manne, kila moja kwa mwandiko wake, wino wa la kwanza umefifia hadi kuwa kahawia. "Andika na lako," akaniambia. Pembeni palikuwa na vitundu vya sindano, pale bizimu ziliposogezwa kila ilipobadili mwenyewe. Mwenye jina la tatu nilimfahamu: ndiye aliyekuwa akituongoza. Miezi ile ya mwanzo, mfuko ukinishinda na sauti ikitoka kwa kuchelewa wenzangu wakiwa wameshaanza wimbo, nilikuwa nashika lile pindo la kiunoni. Nikijiambia: naye kiongozi wetu alihangaika ndani ya kilti hii hii, na sasa yuko mbele yetu.

Sikatai kila mabadiliko. Kofia ndefu ya manyoya ya mbuni, koti zito na shuka la begani nimevivaa kwenye jua kali. Jasho linaingia machoni, mikono yote miwili iko kwenye zumari, huwezi kujifuta. Tulipohamia kizibao na kofia ndogo ya glengari tulipumua, na muziki ukawa bora. Bendi zinazokutana Glasgow kila Agosti kwa mashindano ya dunia huvaa hivyo, na hakuna anayeweza kusema hazijui kupiga. Mfuko wa ngozi nao ukaondoka, ukaja wa kitambaa cha kisasa. Sawa.

Lakini kilti ni jambo jingine. Vazi la nyanda za juu za Uskoti lilipigwa marufuku kwa sheria ya 1746, askari tu ndio walioachiwa, na sheria ile haikufutwa hadi 1782. Zaidi ya miaka 30 watu walinyimwa, na bado likarudi. Sisi tumeligawa kwa sababu limepauka! Bizimu zingesogezwa. Marinda yangepigwa pasi. Fundi wa kushona upya kamba za ngozi hakosekani.

Nimewaandikia kuuliza zilikwenda kwa nani. Yangu ilikuwa namba 17, imetiwa kwa uzi mwekundu. Aliye nayo aigeuze ndani: chini ya jina la tano nafasi bado ipo.