Boti Nusu Bei, Ikiwa Bado Dubai

Jumamosi iliyopita nilikuwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikisubiri mzigo wangu wa dagaa, kijana mmoja tunayefahamiana akanisogezea simu yake usoni kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Ilikuwa picha ya boti nyeupe ya faiba, ya mita 7, iliyotumika, inayouzwa Dubai pamoja na injini yake. "Shikamoo, mzee. Hii ni nusu ya bei ya hapa. Tuchange watu wanne tuilete." Niliitikia marahaba, nikamrudishia simu yake, na tangu siku hiyo ninabishana naye kimoyomoyo, hata nimeona afadhali niandike.

Boti ya nusu bei ipo Dubai, nasi tupo Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Katikati pana bahari, pana bandari ya Dar es Salaam, na pana zaidi ya kilomita 1,200 za reli ya kati. Tuseme boti inauzwa dola 8,000, na nauli ya meli pamoja na bima ni dola 4,000. Forodha haitaanza kuhesabu kwenye 8,000. Itaanza kwenye 12,000, kwa kuwa nauli na bima huhesabiwa ndani ya thamani ya mzigo. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, nayo hutozwa baada ya ushuru kujumlishwa juu ya thamani hiyo. Kwa hiyo nauli na bima peke yake, ambazo wala si boti, zimekwisha kukuzalia deni la dola 720, na mzigo haujaliona hata behewa.

Ninayajua haya kwa sababu niliwahi kuingia mkenge huo huo. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na shemeji yangu tuliagiza boti ya namna hiyo baada ya kuhakikisha kila kitu isipokuwa upana wake. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa takriban mita 2.34, boti yetu ilikuwa na mita 2.5. Kwa sababu ya sentimita 16 hizo ililazimika kusafirishwa kama mzigo wa wazi, kwa bei ambayo hatukuwa tumeiota. Wakala wetu, mtu mwenye maneno matamu kuliko asali ya Tabora, alichelewesha karatasi mpaka siku za bure bandarini zikaisha, na tozo ya kuhifadhi mzigo ikawa inaongezeka kila kulipokucha. Shemeji aliuza kiwanja. Mimi sikumwambia mke wangu, jambo ambalo bado linanigharimu.

Ilipofika, tulimwita fundi kutoka Ujiji, mzee ambaye amekalafati mitumbwi ya mbao tangu ujana wake. Hakutazama viti vya ngozi wala usukani uliong'aa. Alikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye ubao unaobeba injini, akaugonga kwa mpini wa bisibisi: ko, ko, ko, halafu bu. "Ndugu yangu, hapa pameoza." Ndani ya faiba ile safi mbao ilikuwa imekunywa maji kama sifongo. Alipofunua injini tukakuta unga mweupe kwenye alumini, na njia za maji ya kupoozea zimezibwa na chumvi. Injini ya boti hupoozwa kwa maji yale yale inayoelea juu yake. Ikifanya kazi baharini bila kusafishwa kwa maji baridi kila baada ya safari, chumvi huila polepole kutoka ndani, na ziwa letu zuri la maji baridi haliwezi kuirudishia kilicholiwa.

Kijana atasema, mbona Liemba, ile meli kongwe ya abiria ya ziwa letu, ililetwa? Ililetwa, naam. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipitisha Dar es Salaam na kuiunganisha hapa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Lakini aliyelipa nauli ile alikuwa Kaisari, naye hakuwa akitafuta faida kwa abiria wa kijiji cha Kagunga. Isitoshe, mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, na sisi tuliochanga wanne hatuna uwezo wa hasara ya namna hiyo.

Sisemi lolote kuhusu ukaguzi na usajili wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, wala petroli inayonywewa na injini ya nguvu za farasi 115 katika ziwa ambalo wengi wetu tunalivuka kwa injini ya 40.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba tofauti ya bei ipo kweli, na kwamba injini peke yake ni hesabu nyingine. Injini huingia katika kasha la mbao, na ikiwa imetumika kwenye maziwa ya maji baridi, na mtu unayemwamini ameiwasha mbele ya macho yake, mwili wa boti waweza kuundwa kwa mbao Ujiji na fundi yule yule wa bisibisi. Haya sikumwambia kijana, maana nilikuwa na hasira na picha yake.

Jana usiku alinitumia ujumbe mfupi: "Mzee, na injini peke yake je?" Nikamwambia mke wangu aniletee miwani.